Gesi ni yetu, lakini tela la Tunduma bado lataka dizeli



Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi katika maegesho ya malori, katika magereji na hata katika ofisi za matajiri wa magari. Jambo lenyewe ni hili: mtu anayetaka lori la kuvuta tela achague la gesi au la dizeli? Na yule ambaye tayari analo la dizeli, yafaa alipeleke gereji likabadilishwe litumie gesi?

Mimi ni dereva wa magari ya tela katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kwa hiyo jambo hili linagusa riziki yangu. Maoni yangu nayasema mapema ili msomaji asichoke kunisubiri. Gesi yafaa sana kwa magari ya mjini na kwa malori yanayokwenda karibu na kurudi. Lakini kwa gari la kuvuta tela lenye mzigo mzito, katika safari ndefu yenye milima, dizeli bado ndiyo yenye kazi yake. Hali hiyo itabadilika siku vituo vya gesi vitakapofuata barabara mpaka mpakani. Kumhimiza mwenye lori moja abadili injini kabla ya siku hiyo ni kumtanguliza vitani bila silaha.

Kwanza nieleze kwamba gesi ninayoisema si ile ya mitungi ya kupikia. Nasema gesi asilia, ambayo ni mali yetu wenyewe. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam, na mwaka 2015 bomba kubwa kutoka Mtwara likakamilika. Hakuna mwananchi mwenye akili timamu anayeweza kuidharau mali hii. Dizeli twainunua nje kwa fedha za kigeni, lakini gesi iko chini ya ardhi yetu. Tena gesi haitoi ule moshi mweusi unaowakera wakazi wa mijini, na kwa kazi ileile gharama yake pampuni ni ndogo kuliko ya dizeli. Haya yote nayakubali.

Tatizo ni kwamba watu wengi wameona teksi, bajaji na magari madogo ya Dar es Salaam yakitumia gesi kwa faida, wakadhani basi na lori la tela litakuwa hivyo hivyo. Hapo ndipo penye kosa. Gari dogo la petroli lina plagi za kuwasha moto ndani ya silinda. Ukiliwekea mtungi, kidhibiti cha mgandamizo na vifaa vya kuingiza gesi, plagi zilezile huiwasha gesi kama zinavyowasha petroli. Gesi ikiisha njiani, dereva hurudi kwenye petroli na kuendelea na safari. Kwa hiyo mwenye teksi hapotezi kitu kikubwa.

Injini ya dizeli si hivyo. Haina plagi za kuwashia. Hewa hukandamizwa kwa nguvu nyingi, mara 15 hadi 20 ya udogo wa nafasi yake, mpaka ikawa moto sana, ndipo nozeli hunyunyiza dizeli nayo ikawaka yenyewe. Injini ya petroli hukandamiza mara 8 hadi 12 tu kwa kawaida. Huku kukandamiza kwingi ndiko kunakoipa dizeli sifa mbili ambazo kila dereva wa tela anazijua hata kama hakusoma ufundi: hutumia mafuta kidogo kwa kazi nyingi, na ikitiwa taba hutoa nguvu kubwa ya kusokota ekseli wakati injini bado inazunguka polepole.

Nguvu hiyo ya kusokota ndiyo inayovuta tela. Watu wengi wakinunua gari huuliza nguvu za farasi, lakini farasi hao huonekana injini inapozunguka kwa kasi. Tela lenye mzigo huondoka mahali pake kwa nguvu ya chini. Nitoe mfano wa magari madogo, maana hata mwenye pikapu huvuta tela la mahindi au la tangi la maji. Chukua Toyota Hilux. Injini yake ya petroli ya lita 2.7 hutoa nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 245, nayo huipata inapozunguka mara 4,000 kwa dakika. Ile ya dizeli ya lita 2.8 yenye gia za mkono hutoa nyutoni-mita 420, nayo huanza kuzitoa kwenye mizunguko 1,400 tu. Maana yake ni kwamba katika kilima chenye udongo mwekundu uliolowa mvua, dereva wa petroli atapiga kelele nyingi kwa gia ya kwanza, na dereva wa dizeli atapanda taratibu bila kuichosha injini.

Hata hivyo, sitaki kumwonea mwenye petroli. Mtu ambaye huvuta tela mara mbili kwa mwaka wakati wa mavuno, na siku nyingine zote anakwenda sokoni na ofisini, hana sababu ya kununua dizeli kwa bei kubwa zaidi na kulipia matengenezo ya nozeli na pampu. Petroli itamtosha. Na kama anakaa Dar es Salaam, anaweza hata kuiwekea gesi. Kila gari lipimwe kwa kazi yake ya kila siku.

Sasa turudi kwenye lori kubwa. Ndugu zangu wasomaji, tufanye hesabu pamoja, maana katika jambo hili hesabu ndiyo itakayosema kweli. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Lori lenye tela na mzigo kamili, tukikadiria kwamba linakula lita 1 kwa kila kilomita 2, litahitaji lita 450 za dizeli kufika mpakani. Lita hizo zina uzito wa kilo 380 hivi, nazo zaingia katika matangi ya kawaida yaliyo ubavuni mwa kichwa cha lori.

Gesi nayo hubebwa katika mitungi kwa mgandamizo mkubwa, yaani mara 200 ya ule wa hewa tunayoivuta. Hata ikibanwa namna hiyo, bado huchukua nafasi kubwa. Mtungi wa chuma wenye ujazo wa lita 80 huingia gesi ya kilo 13 hivi, ambayo nguvu yake ni kama ya lita 17 au 18 za dizeli. Mtungi wenyewe ukiwa mtupu una uzito unaokaribia kilo 80. Kwa hiyo, ili kupata nguvu ya lita 450 za dizeli, lori litahitaji mitungi 26. Na huo ni upungufu wa hesabu, kwa sababu injini ya plagi hula zaidi kuliko ya dizeli kwa kazi ileile. Mitungi 26 ni zaidi ya tani 2 za chuma kabla hujatia gesi ndani wala hujapakia mfuko mmoja wa mzigo.

Tani 2 hizo zitatoka wapi? Zitatoka katika mzigo. Kwa sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia tarehe 1 Machi 2019, uzito wote wa gari, tela na mzigo usizidi tani 56, nao huo ni kwa gari lenye ekseli za kutosha. Mizani ya Vigwaza haiulizi kama tani zilizozidi ni za saruji au za mitungi. Mwenye gari analipwa kwa tani alizozifikisha. Akifanya safari 2 kwa mwezi, kwa mwaka ni safari 24, na tani alizoziacha nyuma ni 48. Kabla hajajisifu kwamba ameokoa fedha pampuni, na azitoe kwanza fedha za tani hizo 48. Mitungi myepesi isiyo ya chuma ipo, lakini bei yake ni kubwa, na mwenye lori moja atailipia kwa mkopo.

Wapo watakaosema kwamba si lazima kubeba gesi ya safari nzima, kwani ataijaza njiani. Ajaze wapi? Vituo vingi vya gesi vimejengwa Dar es Salaam na maeneo ya jirani, na hata huko magari madogo yamekuwa yakipanga foleni ndefu. Ukiiacha Pwani na kuelekea Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Mbeya, hakuna mlolongo wa vituo unaoweza kumtegemeza mwenye tela mpaka mpakani. Dizeli, kwa upande wake, iko katika kila mji mdogo wa barabara hiyo.

Jambo jingine ni milima. Lori linalotoka bandarini huanza usawa wa bahari, na likifika Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi. Njiani kuna Kitonga, ambako gari lenye mzigo hupanda kwa gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea, na taniboi akiwa tayari na kigingi mkononi. Gari likikosa nguvu pale katikati, barabara yote hufungwa, na nyuma yake kuna mabasi ya abiria na magari ya wagonjwa. Kwa hiyo nguvu ya kuvuta mlimani ni jambo la usalama wa watu wengine pia.

Na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Malori yanayorudi na shaba kutoka Zambia na Kongo huteremka Kitonga yakiwa na mzigo mzito, na huko Mbeya kuna mteremko wa Iwambi ambao umekwisha kuwaliza watu wengi. Dereva mzoefu hashuki kwa kukanyaga breki za miguu peke yake, kwa sababu zitashika moto na kuzidiwa. Hushuka kwa gia nzito na kwa breki ya injini, ambayo malori makubwa ya dizeli huundwa nayo kiwandani. Sasa, lori likibadilishwa injini na fundi wa mtaani, breki hiyo itaendelea kufanya kazi vilevile? Nani ameipima, na aliipimia wapi? Mwenye gari asiyepata jibu la maandishi kwa swali hili asimpe dereva wake ufunguo.

Hapa yafaa nieleze kwamba kuna njia mbili za kulifanya lori la dizeli litumie gesi, na wauzaji wa vifaa huwa hawazitenganishi vizuri. Njia ya kwanza ni kuchanganya. Injini inabaki ya dizeli, gesi inaingia pamoja na hewa, na dizeli kidogo inanyunyizwa ili kuwasha moto. Gesi ikiisha, gari huendelea kwa dizeli tupu. Njia hii ina usalama wa safari, lakini faida yake hupungua pale unapoihitaji zaidi. Injini ikibanwa na mzigo mkubwa mlimani, gesi ikizidi huanza kugonga, kwa hiyo mitambo hupunguza gesi na kuongeza dizeli. Basi mwenye tela, ambaye gari lake hubanwa kila siku, hataokoa kama yule mwenye lori jepesi.

Njia ya pili ni kubadili kabisa. Nozeli hutolewa, plagi huwekwa mahali pake, na pistoni hukatwa au kubadilishwa ili injini isikandamize sana. Hapo dizeli haina kazi tena, na hakuna kurudi nyuma. Gesi ikiisha baada ya Ruaha Mbuyuni, gari hilo litavutwa na jingine, nalo jingine hilo litakuwa la dizeli. Tena gesi ni kavu, haina ule ulainishaji mdogo ulio katika mafuta, hivyo vali na viti vyake huchakaa mapema kama injini haikuundwa kwa ajili yake tangu kiwandani. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka lori la gesi anunue lililoundwa kiwandani kuwa la gesi, na lile la dizeli aliache lizeeke na dizeli yake.

Najua pia kwamba nchi nyingine zina malori ya tela yanayotumia gesi iliyogandishwa kuwa kimiminika. China ina malori mengi sana ya namna hiyo. Gesi ya kimiminika haichukui nafasi kubwa kama ile ya mitungi, kwa hiyo gari laweza kwenda mbali. Lakini ili iwe kimiminika hupozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, na hukaa katika tangi maalumu kama chupa ya chai. Gari likisimama siku nyingi, joto huingia polepole, gesi huchemka, na vali ya usalama huanza kuiachia hewani. Wanaoijua foleni ya Tunduma wakati mambo yanapokwama mpakani wataelewa maana yake. Dereva atakuwa amekaa juu ya kitanda chake huku gesi ya tajiri inakwenda na upepo. Tena Wachina waliweka vituo kando ya barabara zao kuu. Hawakumwambia dereva atangulie, kituo kitamfuata.

Mfano mwingine ni Pakistan. Huko magari zaidi ya milioni 2 yalibadilishwa kutumia gesi, wananchi wakashangilia. Kisha gesi ikawa haitoshi viwanda, majumba na magari kwa wakati mmoja. Vituo vikawa vinafungwa siku kadhaa za wiki, na foleni zikawa ndefu kupita kiasi. Sisi nasi tuna mitambo ya umeme na viwanda vinavyotegemea gesi hiyohiyo. Hapana budi tujue kwanza magari yatapewa gesi kiasi gani, na kama itapungua nani atakatiwa kwanza. Kama atakayekatiwa kwanza ni mwenye lori, basi na aambiwe kabla hajakopa.

Sasa nije kwenye hoja ya fedha za kigeni, ambayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei ya dizeli hapa kwetu ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na mwezi Juni mwaka huo Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kuwapunguzia wananchi mzigo. Nauli zilipanda, na bei ya vyakula nayo ikapanda, kwa sababu kila gunia linaloingia sokoni limepanda lori kwanza. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba tupunguze dizeli anasema kweli, nami namuunga mkono. Swali ni wapi tuanze kuipunguza.

Kwa maoni yangu, tuanze pale ambapo gesi inashinda bila kubishana. Mabasi ya mjini hulala mahali pamoja kila usiku na huzunguka katika njia ileile. Magari ya taka ya halmashauri nayo ni hivyo. Malori yanayotoa makontena bandarini kuyapeleka katika maghala ya Dar es Salaam hayaendi mbali, na huweza kujaza gesi kila siku katika kituo kimoja. Kiwanda kilicho kando ya bomba la gesi, na ambacho malori yake husambaza bidhaa katika mkoa huohuo, nacho kina kila sababu ya kutumia gesi. Magari ya namna hiyo yakihamia kwenye gesi, taifa litaokoa dizeli nyingi, na hakuna hata mmoja atakayekwama Kitonga.

Baada ya hapo ndipo tufikirie tela la masafa. Nalo si jambo lisilowezekana. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi, Morogoro hadi Iringa ni kama 310, na Iringa hadi Mbeya ni kama 330. Lori lenye mitungi 12, ambayo uzito wake ni tani 1 hivi, laweza kwenda kilomita 400 kwa kadirio lile nililolitoa hapo juu. Maana yake ni kwamba vituo 3 tu vyenye mashine kubwa za kujazia, yaani Morogoro, Iringa na Mbeya, vingebadili hesabu yote ya barabara hii. Lakini viwe vituo vyenye gesi ya uhakika. Tela la kusafirishia gesi iliyobanwa hubeba tani chache tu, nazo zaweza kuisha baada ya malori 20 au 30, wakati barabara hii hupitisha mamia ya malori kwa siku. Kwa hiyo bomba lenyewe litahitaji kusogea bara. Hapo ndipo panapotakiwa mpango na fedha, na ni kazi ambayo mwenye lori hawezi kuifanya peke yake.

Historia yetu yatufundisha jambo hilo. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia ya kusini, na mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania. Malori ya Fiat ya dizeli yalivuta matela katika barabara ya vumbi na matope, yakipeleka bidhaa na kurudi na shaba. Yalipata taabu nyingi. Lakini nchi hizi mbili hazikuwaachia madereva taabu hiyo milele. Barabara ikawekwa lami, bomba la mafuta likafika Ndola mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakamilika katikati ya miaka ya 1970. Yaani mzigo ulipoonekana kuwa mkubwa, njia ilijengwa ili iufae mzigo huo. Kama leo twataka gesi ibebe mzigo wa Tunduma, nayo ijengewe njia yake.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu kwa wahusika.

Kwanza, ufanyike mtihani wa wazi barabarani. Yachukuliwe malori mawili ya nguvu moja, moja la dizeli na moja la gesi, yapakiwe tani zilezile za mzigo, yapimwe katika mizani ileile, yaende Tunduma na kurudi wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Ziandikwe lita, kilo za gesi, saa za safari, muda wa kupanda Kitonga, joto la breki wakati wa kushuka, na gharama ya matengenezo. Kisha matokeo yachapwe magazetini ili kila mwenye lori ayasome. Kwa sasa maelezo tunayoyapata hutoka kwa yule anayeuza vifaa, na muuza nazi hasemi yake ni koroma.

Pili, gereji zinazobadili malori mazito zitofautishwe na zile zinazobadili teksi. Kumfungia mtu mtungi mmoja nyuma ya gari dogo si sawa na kufunga mitungi 12 katika kichwa cha lori kitakachotikiswa katika barabara mbovu kwa miaka. Fundi awe na cheti cha kazi hiyo, mitungi ipimwe upya kwa vipindi vinavyotakiwa, na breki zikaguliwe gari likiwa na mzigo.

Tatu, mabenki na vyama vya akiba na mikopo visimkopeshe mtu fedha za kubadili lori la masafa mpaka aonyeshe njia yake, mzigo wake na mahali atakapojaza gesi. Mwenye malori 50 akikosea katika moja, anayo 49 ya kumfariji. Mwenye lori moja akikosea, watoto wake wanarudi nyumbani kwa kukosa ada, na dereva wake anakaa kijiweni. Wengi wa wenye lori moja walianza kama sisi madereva, wakadunduliza miaka mingi kununua kichwa kilichotumika Ulaya. Hawa ndio ninaowaonea huruma ninaposikia wakiambiwa kwamba faida itaonekana baada ya miezi michache.

Kwa ndugu zangu wenye magari na madereva wenzangu, shauri langu ni fupi. Kabla hujachagua, jibu maswali manne. Gari lako linavuta tani ngapi kwa kawaida? Linapanda na kushuka milima gani? Linarudi nyumbani kila siku au baada ya wiki mbili? Na pampu ya karibu iko wapi pale utakapokuwa umepungukiwa? Ukiyajibu hayo kwa kweli, gari lenyewe litakuwa limekwisha kujichagulia. Bei iliyoandikwa kituoni iangalie mwisho, na uiangalie pamoja na ile inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa maana bei ya dizeli hupanda na kushuka lakini mlima Kitonga haupungui hata hatua moja.

Sipingi maendeleo, na wala simtetei muuza dizeli. Siku mtu atakaponionyesha kituo cha gesi Iringa chenye gesi usiku na mchana, na lori la kiwandani lililokwisha kupimwa na mzigo katika mlima wetu, nitakuwa wa kwanza kuomba tajiri wangu anipe usukani wake. Mpaka siku hiyo, gesi na itumike kikamilifu katika mabasi na malori ya mjini, na sisi wa tela tuachiwe dizeli yetu tufikishe mzigo wa taifa salama.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva wa Tela,
Makambako.